Baada ya Lango la Hospitali

Leo mazungumzo yetu yanahusu wanafunzi wa udaktari, na nataka tuwazungumzie tukiwa Longonot, si Nairobi wala pale Nakuru wanakofundishiwa. Sababu yangu utaiona.

Longonot unayoijua pengine ni ule mlima: mita 2,776, kreta pana kileleni, na watoto wa shule wanaoupanda kwa makelele na kuteremka wakiwa hoi. Mimi nasema ile Longonot ya chini. Kituo cha biashara kando ya barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha, na nyuma yake nyumba za mabati na maboma yaliyotawanyika juu ya udongo wa majivu ya volkano, vumbi likiingia mpaka ndani ya sufuria, maji yakiletwa na mikokoteni ya punda. Hospitali hazikosekani. Naivasha ipo ya serikali. Juu ukingoni mwa Bonde la Ufa ipo Kijabe, ya kanisa la AIC, tangu mwaka 1915. Ukisimama Kijabe unautazama mlima wote. Na Nakuru, mwendo wa kilomita zipatazo 90, ipo hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita kwa jina lake la zamani, PGH, na ambamo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton hupata mafunzo yao ya wodini.

Kwa hiyo mgonjwa wa Longonot ana pa kupelekwa. Mimi naulizia safari ya kurudi.

Tuseme ni mama wa makamo, ana saratani ya umio, ugonjwa ambao huku Bonde la Ufa unawapata watu wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Ugali ulianza kumkwama, akawa anausukuma kwa chai. Baadaye hata uji ukawa shida. Alipofika hospitali mwili ulikuwa umebaki mifupa. Akaingizwa kamera kooni, kinyama kikakatwa, majibu yakatoka, na picha zikaonyesha kwamba ugonjwa umeshafika kwenye ini. Daktari anamvuta kando mwanawe wa kwanza, pale koridoni, anamwambia kwa sauti ya upole kabisa: mpelekeni mama nyumbani mkamtunze, hapa hakuna la kufanya tena.

Sikutaja hospitali, wala sina haja. Maneno hayo yamesemwa katika hospitali nyingi, na aliyeyasema mara nyingi ni daktari mwema aliyechoka.

Ila nyuma ya daktari huyo wamesimama wanafunzi sita au saba wa mwaka wa tano, daftari mkononi. Hakuna aliyewaambia kwamba hilo ni somo. Wamelisoma hata hivyo, tena wamelishika kuliko mhadhara wowote wa ukumbini. Wamejifunza kwamba mgonjwa asiyepona ni mgonjwa aliyekwisha kuondoka mikononi mwa daktari. Asubuhi ya pili kitanda kina mtu mwingine, raundi inaendelea, na yule mama hawatamwona tena maisha yao yote. Elimu yao juu yake imekatikia langoni.

Sasa, naomba niyapinge maneno ya yule daktari kwa hoja za kitabibu. Huruma tuiache kando kwa dakika chache.

La kufanya lipo, tena jingi. Kwa maumivu makali ipo mofini ya maji, ya kunywa, isiyohitaji sindano wala kulazwa. Hutolewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kungoja maumivu yaanze. Dozi ya kulalia yaweza kuongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo anayeandika mofini bila kuandika dawa ya kulainisha choo amemwondolea mgonjwa mateso mamoja akamtwisha mengine. Koo likiziba, kuna kijibomba cha waya kinachopanuka chenyewe ndani ya umio; madaktari wa hospitali ya Tenwek kule Bomet wamekuwa wakikiweka kwa miaka mingi, na mtu aliyekuwa hamezi mate akarudi kunywa uji na supu. Kidonda cha saratani kikinuka hata majirani wakaacha kuingia, tembe za metronidazo zikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda harufu hupungua, na jirani anarudi kwenye kiti chake. Pumzi ikibana, mofini kidogo husaidia hata hapo. Na bado sijagusa deni la hospitali, shamba lisilo na hati, binti aliye bweni asiyejua lolote, na mchungaji ambaye mgonjwa anaogopa kumwambia kwamba amemkasirikia Mungu.

Kazi yote hiyo ndiyo inayoitwa tiba shufaa: kumwondolea mgonjwa maumivu na dhiki, yeye na jamaa yake, tangu ugonjwa mzito unapojulikana mpaka mwisho, na baada ya mwisho kwa wale waliobaki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanaihitaji, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilipiga hesabu ya mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa ulimwenguni kwa mwaka: tani 298.5. Katika hizo, nchi maskini kabisa zilipata kilo 100. Kilo 100, msikilizaji, ni gunia moja la mahindi na mabaki kidogo.

Wengi hudhani jambo hili ni geni kwetu, limeletwa juzi na wafadhili. Si geni: lilianza Uingereza, lakini lilitufikia mapema. Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1957, alifungua hospisi, yaani kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiopona, ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yako mwilini, moyoni, nyumbani na rohoni kwa pamoja, na ukitibu upande mmoja umeacha mengine yakiunguza. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa ngazi tatu za dawa za maumivu ya saratani. Miaka minne tu baadaye, 1990, Hospisi ya Nairobi ikaanzishwa. Daktari wake wa kwanza alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyewahi kuwa mtawa na kufanya kazi Nigeria, kisha Singapore alikofanya kazi na wafamasia kutengeneza mofini ya maji kutokana na unga, kwa bei ambayo hata maskini angeimudu.

Merriman hakukaa sana Nairobi. Mwaka 1993 alikuwa Kampala, akianzisha Hospice Africa Uganda kwa fedha ambazo, kwa masimulizi yake mwenyewe, zilitosha miezi 3. Alifariki huko Mei 2025, akiwa na miaka 90. Na hapa ndipo mimi Mkenya ninapoona wivu. Sisi tulitangulia, jirani akatupita. Mofini ile ya maji ikatiwa rangi ili asiyejua kusoma atambue nguvu yake: kijani ni dhaifu, kisha waridi, kisha buluu. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria, ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kozi maalumu ya miezi 9 kuandika mofini wenyewe, bila kumngoja daktari ambaye yuko wilaya nyingine. Na tangu miaka hiyo ya 1990 wanafunzi wa udaktari wa Makerere walikuwa wakifundishwa tiba shufaa na hospisi hiyo; mwaka 2008 chuo kikafungua kitengo chake chenyewe ndani ya hospitali ya Mulago.

Huku kwetu? Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaougua bila dawa ya maumivu. Katika hospitali za umma zipatazo 250, mofini ya kunywa ilipatikana katika 7. Ripoti hiyo iliuma, na kwa haki ya kusema kweli, mengi yamefanyika tangu hapo. Chama cha hospisi cha taifa, kikiongozwa kwa miaka mingi na Daktari Zipporah Ali, kilishirikiana na wizara kufungua vitengo katika hospitali kubwa za mikoa. Nakuru ina hospisi. Mwongozo wa kitaifa ulitoka 2013. Sheria ya Afya ya 2017 ikaitaja tiba shufaa miongoni mwa huduma ambazo kila mtu ana haki nazo. Sera ya kitaifa ipo, ya mwaka 2021 hadi 2030. Karatasi tunazo.

Ninachoshuku ni kile ambacho mwanafunzi anakiona kwa macho wakati karatasi hizo zikiwa kwenye rafu. Anaiona kabati ya dawa za kulevya: chuma, kufuli mbili, ufunguo ukishikwa na muuguzi wa zamu, na daftari la kutia sahihi watu wawili kwa kila tone. Kufuli hizo zina sababu zake na sizitaki zivunjwe. Lakini mwanafunzi wa miaka 22 anayeziona kabla hajamwona hata mgonjwa mmoja aliyetulizwa na mofini, anajifunza kwamba hii ni dawa ya kuogopwa. Atahitimu. Atapelekwa mwaka wake wa kazi chini ya uangalizi katika hospitali fulani ya kaunti, usiku, peke yake, mgonjwa analia, naye ataandika parasetamo. Akiulizwa atasema anaogopa kumfanya mraibu mtu ambaye amebakiza wiki tatu za kuishi.

Ndiyo maana nasema mhadhara hautoshi. Saa mbili za kuonyeshwa ngazi ya dawa ukutani zitamwezesha kujibu swali la mtihani, na usiku ule hazitamsaidia. Kila daktari unayemjua, muulize juu ya uzazi. Atakwambia alikuwa na daftari, na kila mtoto aliyempokea mbele ya mkunga aliandikwa humo na kutiwa saini, na bila saini hizo hakuruhusiwa kuendelea. Uzazi hauachiwi bahati. Sasa muulize: ule mwisho mwingine wa maisha, ulitiwa saini mara ngapi?

Pendekezo langu basi ni dogo, na ndilo lililonileta Longonot. Mwanafunzi amfuate yule mama. Apande gari na muuguzi wa hospisi au wa kitengo cha hospitali, ashuke kituoni, atembee na mhudumu wa afya ya jamii mpaka kwenye ile nyumba ya mabati. Akae. Aone chupa ya dawa imewekwa wapi, juu ya rafu au chini ambapo mjukuu anafika. Aone saa ya ukutani haiendi, kwa hiyo «kila saa 4» haina maana mpaka ifungwe kwa mambo ya nyumba hiyo: wakati wa kukamua, wakati watoto wanatoka shule, taarifa ya habari ya saa tatu. Aone ni nani hasa anayemtunza mgonjwa, maana mwana wa kwanza aliyesikiliza maelezo yote koridoni amerudi kazini kwenye shamba la maua Naivasha, na aliyebaki na kijiko ni mkaza mwana ambaye hakuambiwa chochote.

Kisha arudi mara ya pili, baada ya wiki mbili tatu. Hili nalitilia mkazo kwa sababu watu hulipunguza: ziara moja ni utalii. Ziara ya pili ndiyo inayofundisha, kwa sababu ndipo unapogundua ushauri wako wa kwanza umefanya nini. Dawa ya choo haikununuliwa. Dozi ilipunguzwa nusu kwa sababu jirani alisema mofini ndiyo inayoua. Au mama amelala usiku tatu mfululizo, ameomba asogezwe uani, anapiga kelele juu ya mbuzi. Na ikiwa amekwisha kufariki, ziara ya pili ibaki palepale. Aende akakae na wafiwa, anywe chai, asikilize siku ya mwisho ilikuwaje. Hapo ataambiwa ukweli ambao ripoti ya wodi haina.

Kuna somo jingine ambalo nyumba hulifundisha na wodi hulificha: nani aambiwe. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao, huko Amerika Kaskazini, walichapisha hatua 6 za kumpa mgonjwa habari nzito, na vyuo vingi duniani vinazitumia. Ni hatua nzuri. Ya kwanza inataka mahali pa faragha. Haya, leta faragha katika wodi yenye wagonjwa wawili kitanda kimoja. Kisha ilete Longonot, ambako ukiingia ndani wameshaingia shemeji, mzee wa nyumba kumi, na mama wa kanisa mwenye kitabu cha nyimbo. Mwana anakushika mkono mlangoni: daktari, tafadhali, usimwambie mama, atakata tamaa. Ndani, mama anakungoja uwe umekaa, anawatuma wote nje kwa kisingizio cha kuni, anakuuliza: niambie wewe, hawa wananificha nini?

Mwanafunzi afanye nini? Jibu la haraka la kitabu ni kwamba mgonjwa ana haki ya kujua. Ni kweli. Lakini wauguzi wa hospisi wana njia ndefu kidogo ambayo mimi naiamini zaidi. Muulize kwanza yeye anafikiri ana nini. Mara nyingi anajua. Muulize angependa kujua kiasi gani, na nani awepo anapoambiwa. Kisha toka uende kwa yule mwana, usimkemee, muulize yeye mwenyewe anaogopa nini. Utakuta hofu ni yake, si ya mama. Halafu waketishe pamoja. Hilo huchukua saa nzima, na mwanafunzi hawezi kulipata kwa kusimuliwa tu. Alione likifanywa, kisha alifanye yeye akiwa anatazamwa. Na kama nyumba ni ya Wamaasai na mama hasikii Kiswahili, asimfanye mjukuu wa miaka 12 kuwa mkalimani wa kifo cha nyanya yake. Amtafute mtu mzima.

Umeshagundua, msikilizaji, mwalimu katika habari hii yote ni muuguzi. Hapo ndipo penye ugumu. Udaktari wetu una ngazi zake, na profesa hapendi kusikia kwamba mwanafunzi wake wa mwaka wa tano atafundishwa na kupimwa na muuguzi mwenye diploma ya juu kutoka chuo cha mafunzo ya kitabibu cha KMTC. Lakini ndiye anayejua. Yeye ndiye aliyekaa na wagonjwa mia, anayeweza kutambua kwa kutazama paji la uso wa mtu aliyelala kama ana maumivu. Saini kwenye daftari iwe yake. Na mtihani wa mwisho uwe na swali ambalo haliwezi kujibiwa na asiyekwenda, kwa sababu wanafunzi ni watu wenye akili: kisichotahiniwa hawakisomi, na mimi siwalaumu.

Nitaambiwa mtaala wa miaka 6 umejaa. Umejaa, ndiyo, na mna magonjwa humo ambayo mwanafunzi huyu hatayaona mpaka astaafu, ilhali mgonjwa asiyepona atamwona wiki yake ya kwanza kazini. Nitaambiwa gari hakuna. Hiyo ni hoja ya kweli zaidi, na jibu langu ni kwamba hospisi huwa zinakwenda kwa wagonjwa wake tayari. Viti viwili nyuma si bajeti mpya. Nitaambiwa Kijabe, Naivasha na Nakuru kila moja ina taratibu zake na kaunti ni mbili tofauti, maana Kijabe iko Kiambu. Mama wa Longonot hajui mpaka huo uko wapi, na saratani yake pia haijui.

Pingamizi ninalolipa uzito ni lile la mgonjwa mwenyewe. Nyumba yake si ukumbi wa mafunzo. Amechoka, hajioshi mwenyewe, hataki kutazamwa na vijana. Kwa hiyo wawe wawili, si saba. Waombe ruhusa siku moja kabla, kwa simu, kupitia muuguzi anayemfahamu, na waombe kwa mgonjwa, si kwa mwanawe. Makoti meupe yabaki hospitali. Simu mfukoni, hakuna picha.

Na wewe unayenisikiliza, ambaye pengine una mgonjwa chumba cha pili hapo: ukipigiwa simu hiyo siku moja, una haki ya kuuliza wanakuja kufanya nini na watakaa muda gani, na una haki ya kukataa. Ukikataa, umekataa. Muuguzi atakuja peke yake siku hiyohiyo, na dawa ya mgonjwa wako haitapungua hata tone.